Mkono Mmoja Mchafu, Mmoja Safi

Ng'ombe si mteuzi. Mbuzi hulichagua jani kwa midomo na kuacha asilolitaka. Ng'ombe huutoa ulimi, akauzungusha kwenye fungu zima la majani, akalikata na kulimeza karibu bila kulitafuna, maana kazi ya kutafuna ameiahirisha mpaka atakapolala kivulini na kucheua. Mbugani umbile hilo lilimfaa. Kandokando ya miji yetu mambo ni mengine. Mfuko wa nailoni uliofungwa fundo, ndani yake maganda ya viazi na makombo ya ugali, una harufu ya chumvi na chakula, na ng'ombe hana mikono ya kuufungua. Humeza vyote. Kiangazi kinapokaza, au malisho yanapopungukiwa fosforasi, hamu ya kula visivyolika huzidi: utamkuta akitafuna mfupa mkavu, kiraka cha gunia, kamba ya katani, kandambili.

Yanayofuata huenda yasionekane kwa miezi. Tumbo la kwanza la ng'ombe mkubwa, rumeni, ile sehemu ambayo wauza supu huiita taulo, hubeba zaidi ya lita 100. Ndani yake wamo vijidudu wasioonekana kwa macho ambao huyavunja majani ambayo sisi binadamu tusingefaidi chochote kwayo. Nailoni hawaiwezi. Na mlango wa kutokea ni mdogo: kati ya tumbo la pili na la tatu pana tundu linalopitisha chakula kilichokwisha kulainika tu. Mfuko haulainiki, haurudi mdomoni wakati wa kucheua, wala hautoki. Wa pili unapomezwa humkuta wa kwanza, nyuzi za gunia huifunga pamoja, na kwa kuwa rumeni hujikunja na kujikunjua mara moja au mbili kila dakika, usiku na mchana, vitu hivyo husokotwa mpaka vikawa kitu kimoja. Chumvichumvi za tumboni huganda juu yake na kukifanya kigumu. Donge la namna hiyo, la kitu kisichomeng'enyeka kilichojikusanya katika njia ya chakula, ndilo wataalamu huliita bezoa.

Bezoa ni za zamani kuliko nailoni. Ndama wanaorambana hukusanya nywele tumboni zikawa mpira mgumu. Watu nao hupata: wapo wanaokula nywele zao wenyewe, wapo wanaozibwa utumbo na nyuzinyuzi za matunda. Karne nyingi zilizopita mawe yaliyotolewa matumboni mwa mbuzi-mwitu wa Uajemi yaliuzwa kwa bei kubwa, kwa imani kwamba yanaondoa sumu. Katika karne ya 16 daktari mpasuaji Ambroise Paré aliishuku imani hiyo mbele ya mfalme Charles IX wa Ufaransa, ikajaribiwa kwa mpishi aliyekuwa amehukumiwa kunyongwa. Mpishi alipewa sumu, akapewa na jiwe, akafa kwa mateso saa chache baadaye. Habari za mawe hayo zimeandikwa sana na sitaki kukaa nazo. Ninachotaka kukieleza ni mkono unaoingia kulitoa donge, kwa sababu nadhani hatujautazama kwa umakini unaostahili.

Ukubwa wa tatizo hauna ubishi. Mwaka 2021 Marcus Eriksen, Ulrich Wernery na wenzao walichapisha utafiti kuhusu ngamia wa Dubai: kati ya ngamia zaidi ya 30,000 waliochunguzwa baada ya kufa tangu mwaka 2008, 300 walikutwa na madonge ya plastiki, mengine ya kilo 3, mengine yakifika kilo 64. Kwetu, wakaguzi wa nyama waliyaona haya machinjioni kabla wanasiasa hawajayasikia. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Marufuku imesaidia, mitaro haizibwi na rambo na majuala kwa kiasi kile cha zamani. Lakini plastiki iliyokwisha kufukiwa mvua huifukua, na vifungashio vya namna nyingine vipo tele. Daktari wa mifugo bado huitwa.

Akifika, hakimbilii kisu. Humsimamia ng'ombe nyuma kwanza, akamtazama kwa mbali: mgongo umepinda au umenyooka, tumbo la kushoto limetokeza kuliko la kulia, kinyesi kikoje. Humuuliza mwenye mali.

"Mama, anacheua?"

"Tangu juzi sijamwona, daktari. Na maziwa yamekatika."

"Tumbo hujaa, likapungua, likajaa tena?"

"Ndivyo. Nilimpa mafuta ya kupikia, akapata nafuu siku moja."

Kila jibu lina uzito wake. Tumbo linalojaa gesi na kupungua na kujaa tena, mnyama anayekonda huku tumbo halikondi, kinyesi kidogo chenye ute: hayo yakija pamoja kwa ng'ombe anayerandaranda mtaani, daktari ameshaanza kuona picha. Kisha huweka ngumi kwenye bonde la ubavu wa kushoto, kati ya mfupa wa nyonga na ubavu wa mwisho, akasukuma. Rumeni yenye afya hupokea ngumi kama donge la unga wa chapati: inabonyea, inabaki na alama kitambo, kisha kwa nguvu zake yenyewe inausukuma mkono nje. Daktari husubiri msukumo huo, saa mkononi. Usipokuja kwa dakika mbili, tatu, au ukija dhaifu, na chini ya ngumi akahisi kitu kinachokataa kubonyea, anajua. Vifaa vya picha vipo katika hospitali chache. Sehemu kubwa ya kazi hii hufanywa kwa ngumi, sikio na maswali.

Uamuzi wa kutopasua nao ni sehemu ya ustadi, na mimi huuheshimu kama ule wa kupasua. Ng'ombe ambaye ameshindwa kusimama, au ambaye msumari alioumeza umekwisha kupenya hadi moyoni, hatasaidiwa na kisu. Daktari mkweli humwambia mwenye mali amchinje mapema, na hamchomi dawa ambayo itaifanya nyama isifae kuliwa. Kuyasema hayo kwa mtu aliyetegemea maziwa ya ng'ombe huyo kulipa ada kunahitaji moyo.

Ikiamuliwa kupasua, na hali si ya dharura, mnyama hunyimwa chakula siku moja au mbili na maji kwa muda mfupi zaidi, ili tumbo lipungue. Kisha hufungwa kwenye mbao za kumzuia, akiwa amesimama. Jambo hili huwashangaza wanaoliona mara ya kwanza: ng'ombe hupasuliwa tumbo akiwa macho, kwa miguu yake minne. Sababu ni ya msingi. Ukimlaza chini na kumtia usingizi kabisa, uzito wa rumeni huugandamiza mwili wake wenyewe, gesi hukosa njia ya kutokea, na majimaji ya tumbo yanaweza kupanda kooni yakaingia mapafuni. Akisimama, rumeni, ambayo hujaza karibu upande wote wa kushoto, huegemea ukuta wa ubavu pale pale daktari anapoihitaji.

Lakini asimame bila maumivu. Ganzi ndipo ninapoona kwanza ubora wa daktari. Wapo wanaochoma sindano nyingi kuzunguka mahali pa kukata, na hiyo inafaa. Wenye mkono uliokomaa hutafuta neva zenyewe, zile tatu zinazotoka kwenye uti wa mgongo kuanzia nyuma ya ubavu wa mwisho, na kuzifikia kwa sindano ndefu inayopita kandokando ya mfupa asiouona. Huupapasa mgongo kwa vidole, akahesabu mifupa, akaingiza sindano mpaka ncha iguse mfupa, akairudisha kidogo, akaipitisha kwenye ukingo, akatoa dawa. Halafu husubiri. Dawa ikishika, ngozi ya upande ule hupata joto, misuli hulegea, na mgongo wa ng'ombe hupinda, upande uliokufa ganzi ukitokeza nje. Mnyama mwenyewe anatoa taarifa kwamba sasa yuko tayari, na daktari asiyeisoma taarifa hiyo akaanza kukata, ng'ombe atamsomesha kwa teke. Kwa mbuzi tahadhari ni kubwa zaidi, maana dawa hiyo hiyo ya ganzi ikizidi kidogo humtia kifafa na kumuua.

Manyoya yamenyolewa eneo kubwa kuliko linaloonekana kuhitajika. Ngozi imesuguliwa kwa sabuni na ayodini, ikapanguswa, ikasuguliwa tena, kila mara kuanzia katikati kwenda nje, kitambaa kisirudi katikati. Hapa ndipo fikra inayotawala kazi nzima inapoanza kuonekana. Ndani ya ng'ombe mna sehemu mbili zilizotenganishwa na ukuta mwembamba. Moja ni ndani ya rumeni, penye uchafu kuliko jalala lolote, na uchafu huo ndio uhai wake. Ya pili ni uwazi unaoyazunguka matumbo yote, usiovumilia uchafu hata kidogo. Majimaji ya rumeni yakidondoka katika uwazi ule, uvimbe na usaha vinaweza kumuua ng'ombe siku chache baada ya upasuaji ambao kila mtu aliusifu. Donge likishatoka, watazamaji hupiga makofi. Daktari yeye anafikiria tone.

Mkato huanza upana wa kiganja chini ya mifupa ya kiuno na kushuka wima, sentimita 20 hivi, zaidi kidogo kwa daktari mwenye mkono mnene. Ngozi kwanza, tena kwa mpigo mmoja usiositasita, kwa sababu ngozi iliyokatwa kwa kusitasita hupona vibaya. Chini yake misuli mitatu, kila mmoja ukiwa na nyuzi zinazoelekea upande wake, na mwisho ule utando mwembamba. Utando huinuliwa kwa koleo kabla ya kutobolewa, ili kisu kisifike rumeni iliyoegemea nyuma yake. Unapotoboka, hewa huingia kwa sauti unayoisikia ukisimama karibu, na rumeni hujitenga kidogo na ukuta, ya rangi ya kijivu iliyofifia, iking'aa.

Bado haikatwi. Mkono safi huingia kwanza nje ya rumeni, ukapita mbele hadi kwenye kiwambo cha pumzi, ukapapasa kama tumbo la pili limeshikamana na viungo vya jirani. Likishikamana, maana yake waya au msumari umepita hapo, na mwili wenyewe umejenga ukuta kuuzingira usaha. Mwanafunzi hutaka kuachanisha kilichoshikamana. Fundi hukiacha kilivyo, kwa kuwa anajua ukuta ule umejengwa kwa sababu.

Kisha hufanya kile ambacho mimi hukitazama kwa furaha kuliko hatua nyingine yoyote. Huvuta sehemu ya rumeni ikatokeza nje ya mkato, akaishona kwenye ngozi kuizunguka pande zote, kwa mshono wa mfululizo, kabla ya kuitoboa. Kuna pete na mbao maalumu zinazofanya kazi hiyo, na wengine hutumia nyuzi chache za kushikilia, lakini mshono wa kuzunguka ndio unaofunga mpaka sawasawa: ngozi na rumeni vinakuwa uso mmoja, uwazi wa tumbo umezibwa nyuma yake, na lolote litakalomwagika litateleza juu ya ngozi kwenda chini kwenye majani. Kazi hii hula dakika nyingi, na mwenye ng'ombe, akiwa amesimama pembeni, mara nyingi huuliza kwa nini daktari anashona kabla ya kutoa kitu. Nimeona daktari akiendelea kushona bila kuharakisha hata mshono mmoja, akimjibu kwa upole, "Subiri mzee, hapa ndipo ng'ombe wako anapopona."

Sasa rumeni inakatwa. Gesi inatoka, harufu inatoka, na glavu ndefu hadi begani inaingia. Tangu hapo kuna mikono ya aina mbili mahali pale, na vyombo vya aina mbili. Mkono ulioingia haugusi tena trei ya vyombo safi kwa sababu yoyote. Msaidizi aliyezoea huweka mkasi mchafu kwenye ndoo nyingine bila kuambiwa.

Ndani hakuna jicho. Mkono unapita kwenye majani yaliyochachuka, yenye joto la mwili, na kila kitu hutambuliwa kwa ncha za vidole kupitia mpira. Mifuko ikiwa michache hutoka mmojammoja. Ikiwa imesokotana, haivutwi kwa nguvu. Kamba ndefu ya plastiki huenda ncha yake imeingia kwenye lile tundu la kwenda tumbo la tatu, lile waliitalo kitabu, na anayevuta kwa pupa huweza kuchana asipopaona. Kwa hiyo mkono huifuata kamba mpaka mwisho wake, ukailegeza kule, ukarudi nayo. Donge likiwa kubwa kuliko mkato, hukatwa ndani kwa ndani na kutolewa vipandevipande. Mwezi Oktoba 2019 katika chuo kikuu cha tiba ya mifugo cha Tamil Nadu, mjini Chennai, India, madaktari walitoa kilo 52 za plastiki kwa ng'ombe mmoja, na kazi iliwachukua zaidi ya saa tano. Mtu afikirie mkono ulioinuliwa usawa wa bega, ndani ya tumbo linalosukuma, kwa muda huo.

Plastiki ikiisha, mkono husonga mbele kwenye tumbo la pili, lenye vijumba vya pembe sita sakafuni, na hupita kila kijumba. Hapo ndipo vyuma hutua: misumari, vipande vya waya wa tairi zilizochomwa, sindano. Ukuta wa tumbo hilo hupakana na kiwambo cha pumzi, na ng'ambo yake, umbali mfupi, upo moyo. Wengine huingiza sumaku. Wengine huamini vidole zaidi. Kisha hupapasa lile tundu lenyewe kuhakikisha liko wazi.

Daktari hamwagi vyote vilivyomo. Majimaji yenye uhai hubakizwa kwa makusudi, na ng'ombe aliyeacha kula kwa siku nyingi, ambaye vijidudu wake wamekufa, hupewa wa mwenzake: lita kadhaa za majimaji ya rumeni kutoka kwa ng'ombe mzima, au yaliyochukuliwa machinjioni kwa mnyama aliyechinjwa muda huo huo. Huchujwa kwa kitambaa na kumiminwa yangali na joto, kupitia mkato au baadaye kwa mrija wa mdomoni. Dawa ya dukani inayoweza kuchukua nafasi ya kile kikombe cha uhai kutoka kwa jirani siijui, na napenda kwamba fundi wa kisu anajua pia kuomba kwa mwenye zizi la pili.

Kufunga rumeni huja na kanuni yake. Kingo hazishonwi uso kwa uso. Hukunjwa kuelekea ndani, ili koti la nje liguse koti la nje, kwa kuwa koti hilo hugandana haraka mno likikutana na jenziwe, lakini bitana ya ndani haifanyi hivyo. Uzi ni ule unaoyeyuka mwilini, na sindano hupita katika unene wa ukuta bila kutokeza ndani, maana uzi uliogusa ndani huufyonza uchafu na kuupeleka nje. Safu ya kwanza, kisha ya pili juu yake. Baada ya hapo kila kitu huoshwa kwa maji ya chumvi yaliyotakaswa, glavu hubadilishwa, vyombo hubadilishwa, na ndipo tu ule mshono ulioishikilia rumeni kwenye ngozi hukatwa na tumbo kurudi mahali pake. Utando, misuli, safu kwa safu.

Mafunzo ya mkono huu hutolewa vyuoni Kabete, Morogoro, Makerere na kwingineko, na wanafunzi wengi huanza kwa kushona matumbo ya machinjioni juu ya meza, mshono baada ya mshono, wakijazia maji kuona kama yatavuja. Baadaye hutumwa wilayani, ambako meza ni mti na taa ni tochi ya simu. Huko ng'ombe atapewa majani laini kidogo kidogo, dawa ya kuua vijidudu kwa siku kadhaa, na mwenye mali ataagizwa jiwe la chumvi, kihori, na kamba ya kumzuia asirudi jalalani. Nyuzi za ngozi zitatolewa baada ya wiki mbili hivi.

Nyuzi hizo za ngozi ni nene, za nailoni, na mshono wake ni wa mfululizo unaojifunga kila hatua. Ila ukiangalia chini kabisa ya mkato, utakuta mishono miwili au mitatu imefungwa peke yake, haikuungana na ule mrefu. Daktari ameiweka hivyo ili usaha ukijikusanya afungue hiyo ya chini tu, jeraha limwage, na sehemu yote ya juu ibaki imeshika.